Yusufu Aliuzwa na Nduguze

Mahubiri juu ya Mwanzo 37:12–36



Habari za Yusufu twazijua tangu utoto. Kila mwalimu wa Shule ya Jumapili huwasimulia watoto juu ya ile kanzu, na ndoto, na shimo, na ukuu alioupata Yusufu katika Misri. Walakini neno tulilolizoea sana huweza kupita masikioni bila kuugusa moyo. Kwa hiyo leo tuisome sura hii polepole, tukiuliza jambo moja: Yusufu alifikaje Misri? Hakupotea njia, wala hakutekwa vitani. Aliuzwa, na bei yake imeandikwa: vipande ishirini vya fedha.

Angalieni mikono iliyompitisha. Wa kwanza ni mkono wa nduguze waliomwuza. Wa pili ni mkono wa wafanya biashara waliomchukua. Wa tatu ni mkono wa Potifa aliyemnunua. Na kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Yuda alisema ni afadhali auzwe kuliko kuuawa, akajiona mwenye huruma. Waishmaeli walikuwa na ngamia waliochukua manukato na zeri na manemane. Kwao kijana yule alikuwa mzigo mmoja zaidi. Potifa alitoa fedha yake waziwazi, akapokea mtu. Hata mmoja hakujiona kuwa mwivi. Lakini Yusufu mwenyewe, alipokuwa gerezani, alimwambia mnyweshaji wa Farao ya kuwa aliibwa kutoka nchi ya Waebrania (Mwanzo 40:15). Wengine waliita jambo lile biashara. Yeye aliyeonja uchungu wake aliliita wizi.

Na Mungu ahukumu kama Yusufu. Torati yamhesabu aibaye mtu na kumwuza kuwa amestahili kufa, sawasawa na mwuaji (Kutoka 21:16, Kumbukumbu la Torati 24:7). Mtume Paulo naye awaweka wezi wa watu katika orodha moja na wauaji na waongo (1 Timotheo 1:9–10). Nasi tunapofundisha Amri ya Saba katika Katekisimo Ndogo, aliyoitunga Martin Luther mwaka 1529, mara nyingi wanafunzi wetu huwaza kuku, na mbuzi, na mahindi ya shambani. Twapaswa kuwaambia kwamba mwivi mkubwa kuliko wote ni aibaye mtu. Tena Luther atufundisha ya kuwa amri hii haitoshi kwa kutoiba tu. Yatudai tumsaidie jirani kuhifadhi alicho nacho. Basi jirani yako ana nini kilicho bora kuliko mtoto wake?

1. Mkono wa muuzaji

Wazee wetu waliishi katika karne ya biashara ya watumwa. Sisi hupenda kusema, "Wageni walikuja wakatuteka." Ni kweli, wageni walikuja na bunduki na nguo na shanga, na vijiji vingi viliteketezwa kwa ajili yao. Lakini tusiseme nusu ya kweli. Wengi walioingia katika misafara waliuzwa na watu waliowajua kwa majina. Mtemi aliuza mateka wa vita. Mwenye deni alimweka mtoto rehani, asiweze kumkomboa. Katika mwaka wa njaa mtoto alitolewa kwa chakula. Aliyeshtakiwa uchawi alitolewa kwa mwenye msafara, na jirani zake wakagawana mali yake. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Nduguze Yusufu walikuwa na wenzao katika Afrika.

Walakini mlango huu waweza kufungwa kutoka ndani. Kumbukeni ya kuwa Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa katika ufalme wa Burundi hata ilipounganishwa na Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika siku za Mwami Mwezi Gisabo, Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi na watu wake wenye bunduki kutoka pwani ya ziwa Tanganyika. Warundi walimpinga, wakamzuia. Watu wale hawakuwa na silaha kama zake. Lakini hawakukubali kuwatoa watu wao.

Na leo muuzaji ni nani? Haji usiku na kamba. Huja mchana, amevaa vizuri, akaketi sebuleni akanywa chai. Mara nyingi ni shangazi, au rafiki wa shangazi, au jirani wa zamani aliyehamia mjini. Pengine ni mtu anayeimba pamoja nasi katika kwaya. Asema, "Nipeni msichana huyu, atasaidia kazi ndogo nyumbani Mwanza, nao watamsomesha." Au asema, "Kuna kazi Dar es Salaam. Kuna kazi Omani, mshahara ni mkubwa, nauli wamekwisha kulipa." Baba aitazama njaa iliyoko nyumbani, aitazama ada ya shule ya wadogo zake, akubali. Desturi yetu ya kumlea mtoto wa ndugu ni desturi njema, nayo imewainua wengi. Kwa sababu ni njema, mwivi huivaa kama ngozi ya kondoo.

Wazazi, sisemi kwamba kila apelekaye mtoto mjini amemwuza. Nasema ya kwamba mzazi asiyejua mtoto wake yuko nyumba gani, kwa nani, na kwa kazi gani, hana cha kujibu atakapoulizwa. Yakobo alionyeshwa kanzu yenye damu ya mbuzi, akadanganyika akalia. Wako wazazi wengi leo walioonyeshwa picha nzuri katika simu, wakadanganyika wakacheka.

2. Mkono wa mchukuzi

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo ikafika Tabora. Hapo iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, na nyingine ilipanda kaskazini, ikapita Usui, yaani nchi ya Wasubi katika Biharamulo, ikafika Karagwe, ambako wafanya biashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, kisha ikaendelea hata Buganda. Wazungu Speke na Grant walipita njia hiyo mwaka 1861, wakazuiwa na mtemi Suwarora wa Usui hata walipotoa hongo. Pembe za ndovu zilipita huko, na watu pia walipita huko, wakiwa bidhaa. Basi tusidhani ya kuwa habari hizi ni za Unguja na Bagamoyo tu. Njia ile ilipita mashambani mwetu.

Nchi yetu ingali nchi ya njia. Magari makubwa hutoka Rusumo na Kabanga, na njia za Rwanda, Burundi, Kigoma, Kahama na Bukoba hukutana katika Nyakanazi. Twamshukuru Mungu kwa barabara, maana zaleta dawa na vitabu na soko la mazao. Lakini Waishmaeli nao walipita katika barabara njema ya biashara. Msichana wa miaka kumi na mitatu aketiye ndani ya basi pamoja na mtu ambaye hajui jina lake la pili, haandiki alama yo yote usoni ya kuwa ameibwa. Amefundishwa kusema kwamba ana miaka kumi na minane. Simu yake imeshikwa na mwenzake. Kondakta atazama tiketi, mwenye nyumba ya wageni atazama fedha, na kila mmoja asema moyoni, "Si kazi yangu."

Twajua pia ya kuwa mwivi hupenda kusimama mahali watu wanapokimbia. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Watu wetu walitoa maji na chakula na nafasi, na Kanisa lilihudumu kwa mkono wa shirika lake la wakimbizi, TCRS. Watoto wengi walikuwa wamepotezana na wazazi wao katika mkimbio ule, na kazi kubwa ilifanyika kuwaandikisha na kuwatafutia ndugu zao. Kwa nini kazi ile ilifanyika kwa bidii namna ile? Kwa sababu mtoto asiye na mtu wa kumwita kwa jina lake huweza kuchukuliwa na ye yote. Sehemu kubwa ya ulinzi ni kujua jina la mtoto na kuliandika.

Serikali yetu nayo imenena. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 yamhesabu kuwa mkosaji yule anayemtafuta mtu, anayemsafirisha, anayemficha na anayempokea, kwa kusudi la kumtumikisha au kumfanyisha ukahaba, hata akijifunika kwa jina la kazi au mafunzo. Angalieni hekima yake: sheria haikumtazama muuzaji peke yake. Imeifuata mikono yote mitatu tuliyoiona katika Mwanzo 37.

3. Mkono wa mnunuzi

Pasipo Potifa, Waishmaeli wasingekuwa na haja ya Yusufu. Katika miaka ya 1860 yakadiriwa kwamba watu kati ya 15,000 na 20,000 walifikishwa Unguja kila mwaka. Walitakiwa na nani? Na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Na mashamba ya mitende ya Arabuni. Na, kabla ya hapo, mashamba ya miwa katika visiwa vya Wafaransa. Na pembe zilizochukuliwa mabegani mwa watu zilikwenda Ulaya na Marekani, zikachongwa vitana na vibao vya vinanda. Yamkini nyimbo za kumsifu Mungu zilipigwa juu ya pembe ile, katika nyumba za Wakristo wasiouliza imetoka wapi.

Kisha Mungu aliamsha dhamiri za watu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana mahali soko la watumwa la Unguja lilipokuwa. Mwaka 1897 sheria ya Unguja ilikoma kuutambua utumwa. Katika Tanganyika utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922. Na Walutheri tusisahau Lutindi katika milima ya Usambara: mwaka 1896 palianzishwa makao ya watoto waliookolewa katika utumwa, na baadaye nyumba ile ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hivyo ndugu zetu waliotutangulia walijua ya kuwa Injili yahitaji kitanda na uji na mlango ufungukao.

Lakini sheria yaweza kufunga soko, isiweze kufunga tamaa. Mwaka 2022 Shirika la Kazi la Kimataifa na wenzake walitoa makadirio yao: katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 50 duniani walikuwa katika utumwa wa siku hizi, milioni 28 katika kazi za kulazimishwa, na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Wamo Watanzania. Taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilieleza mateso ya wanawake wa Tanzania waliokwenda kutumika majumbani katika Omani na Falme za Kiarabu: hati za kusafiria kushikwa, mishahara kuzuiwa, kazi za siku nzima bila kupumzika, na mapigo. Chini ya utaratibu uitwao kafala mfanyakazi hufungwa kwa tajiri aliyemleta. Akiikimbia nyumba bila ruhusa, yeye aliyedhulumiwa ndiye aonekanaye mhalifu.

Ndugu zangu, ni rahisi kuwahukumu watu wa mbali. Sasa tutazame zizi letu. Je, kijana yule wa Burundi anayechunga ng'ombe katika kijiji chetu, au kulima shamba letu la mihogo na mahindi, amelipwa? Aliahidiwa mshahara mwisho wa msimu. Msimu umekwisha, naye adai haki yake, ndipo tajiri asema, "Huna karatasi, nitakupeleka kwa watu wa uhamiaji." Yule kijana akimbia usiku, na jasho lake labaki ghalani. Mtu kama huyo aja kanisani Jumapili, atoa mavuno madhabahuni. Yakobo katika waraka wake (5:4) aandika ya kuwa ujira uliozuiwa wapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Sadaka haiwezi kuzima kelele hiyo.

Je, katika machimbo ya dhahabu ya Biharamulo, ni nani anayeshuka shimoni? Na yule binti aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye katika nyumba ya mwalimu, au ya mfanya biashara, au ya mchungaji, ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, anakula wapi, analala wapi, mshahara wake yuko nao nani? Sheria ya ajira ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na yakataza kumpa aliye chini ya miaka 18 kazi ya hatari. Walakini kwa Mkristo hiyo ni chini ya kipimo. Kipimo chake ni hiki: mtoto huyu angalikuwa wangu, ningalitaka atendewe hivi?

4. Reubeni aliyechelewa

Katika habari hii yuko mtu mmoja ambaye twapita juu yake upesi. Reubeni hakutaka ndugu yake afe. Alishauri atupwe shimoni, akikusudia moyoni kurudi kumtoa. Kusudi lake lilikuwa jema. Lakini hakusema neno zima mbele ya wenzake, tena aliondoka. Aliporudi aliliona shimo li tupu, akararua mavazi yake. Yusufu alikuwa amekwisha kwenda zake na ngamia.

Wazee wa usharika, wainjilisti, walimu: huyu ndiye mfano wetu. Mara nyingi Kanisa hufika shimoni likiwa tupu. Twalia sana, twafanya maombi ya machozi, lakini basi limekwisha kuondoka. Basi na tufike mapema. Nawasihi mambo haya.

Kila mtaa uwe na kitabu cha watoto na vijana wanaoondoka. Kiandikwe jina, na umri, na jina la amchukuaye, na namba yake ya simu, na mahali aendako. Mwenye nia njema hatachukia kuandikwa; yule akasirikaye, mshikeni maswali zaidi.

Mzazi akija kwenu kuomba maombi kwa ajili ya safari ya mtoto, ombeni, kisha ulizeni: Ni nani mwajiri? Mkataba uko wapi? Nani amelipa nauli, naye ataidaije? Deni la nauli ni kamba ndefu, limewafunga wengi.

Mkiona hatari, msinyamaze kwa kuogopa kuharibu undugu. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji, au kwa afisa wa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Iko pia namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni 116, na kuipiga hakuna malipo.

Tena wapokeeni wanaorudi. Mnyweshaji wa Farao alisaidiwa na Yusufu, akatoka gerezani, akamsahau miaka miwili mizima. Wako mabinti waliorudi kutoka mjini na kutoka nchi za mbali, hali wameumizwa, hawana fedha. Na kijiji chawacheka kwa kuwa wamerudi mikono mitupu. Mwingine amerudi na mtoto mgongoni, nasi twataka kwanza kumwuliza habari za dhambi yake. Someni Waraka kwa Filemoni. Paulo alimrudisha Onesimo, akataka apokewe kama ndugu mpendwa, na ikiwa lipo deni, Paulo alitaka liandikwe juu yake mwenyewe. Usharika na useme hivyo hivyo: aibu ya binti huyu iandikwe juu yetu, maana tulimwacha aende bila kuuliza.

Wapendwa, kwa nini neno hili ni neno la Injili, wala si la serikali tu? Kwa sababu Bwana wetu mwenyewe aliuzwa. Yusufu aliuzwa kwa vipande ishirini. Yesu kwa thelathini. Naye aliuzwa na mtu aliyekula naye sahani moja. Kila mtoto aliyeuzwa na wa nyumbani mwake anaye Mwokozi aijuaye njia hiyo hatua kwa hatua. Na kwa damu yake sisi tumenunuliwa, bei imelipwa yote. Ndiyo maana Mtume atuonya tusiwe watumwa wa wanadamu (1 Wakorintho 7:23). Basi kama Kristo amekwisha kumlipia mtu huyu, wewe ni nani hata umweke bei ya pili?

Yuda yule yule aliyetoa shauri la kumwuza ndugu yake, miaka mingi baadaye alisimama mbele ya liwali wa Misri asiyejua ya kuwa ni Yusufu, akajitoa awe mtumwa badala ya Benyamini (Mwanzo 44:33). Mungu aweza kuugeuza hata mkono wa muuzaji. Ikiwa yuko kati yetu aliyepokea fedha kwa ajili ya mtoto wa mwenziwe, au anayeshika mshahara wa mtumishi, asingoje mavuno mengine. Na aende leo, amrudishe mtu, alipe ujira. Kisha aje mezani pa Bwana.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyekuwa pamoja na Yusufu shimoni na gerezani, uwe pamoja na watoto wetu walio katika nyumba tusizozijua. Uwarudishe. Utupe macho ya kuona mapema, na kinywa cha kusema neno zima. Uisafishe mikono yetu. Kwa ajili ya Yesu Kristo, aliyeuzwa ili sisi tuwe huru. Amina.